Kifaru cha Kamatanda

Kicheko cha Mzungu Étienne ndicho kilichoiharibu Jumapili ile.

Kadidja alikuwa ndio kwanza amefika mlangoni, sahani ya mikate ya kukaanga mkononi, kilemba kipya amekifunga vizuri kwa ajili ya mtu mmoja tu. Ndani, Étienne alikuwa ameinamia televisheni ya Damas, anacheka mpaka miwani ikamteleza puani.

“Mais non! Mais non, Damas! Hii haiko char ya Baingereza. Hii ni pelle ya Kamatanda! Mulitosha godet, mukaweka kanon!”

Tuseme ukweli, Mzungu alikuwa na haki ya kucheka. Damas alikuwa ameutengeneza mchezo ule kwa miaka miwili, kwenye kompyuta ndogo ya kaseti aliyoachiwa na Étienne mwenyewe. Ndani yake kulikuwa na kifaru kizito cha Waingereza, kile walichokiita Churchill, kinachopanda mlima huku Wajerumani wakikipiga mabomu. Mlima ulipendeza. Mabomu yalipasuka vizuri. Lakini kifaru chenyewe kilikuwa na magurudumu makubwa matano, minyororo mifupi chini yake, na juu kibanda kinachozunguka kizima kizima. Mtu yeyote wa Likasi aliyewahi kupita machimbo ya Kamatanda angekitambua mara moja. Ilikuwa ile mashine ya kuchota mawe, ila ndoo imeondolewa na mzinga umewekwa mahali pake.

Kadidja angechora nini kingine? Tangu azaliwe hakuwahi kusogelea kitu kingine kinachotembea juu ya minyororo. Alikuwa mchoraji wa mabomba ya maji katika ofisi ya michoro ya kampuni, msichana mwenye mkono ulionyooka kuliko rula, na siku Damas alipomwomba amchoree kifaru walikwenda wote wawili Kamatanda, wakakaa juu ya jiwe, akaichora mashine iliyolala na kuifuta ndoo. Alipomaliza, Damas alimshika mkono na hakuuachia tena mpaka walipofika mjini. Hapo ndipo kifaru kilipozaliwa, na mapenzi yao yalizaliwa hapo hapo.

Étienne alipangusa machozi ya kicheko kwa leso.

“Bon. Sikiliza, Damas. Ndugu yangu wa Liège, ule mwenye kutengeneza jeux, nilimwambia mambo yako. Anataka mchezo. Anakutaka hata weye: miaka mbili kule, unajifunza, unatumika naye. Mais ile vita ya Baingereza njo ugonjwa yake. Akiona char ya uongo, anatupa yote, anasema kazi ya batoto. Unaweka char ya kweli, unapanda avion. C’est tout.”

Damas aliruka kutoka kitini. “Ya kweli nitaipata wapi?”

“Comment, wapi? Mademoiselle Kadidja iko na livre yangu tangu Pâques! Dessins zote ziko mule ndani. Nilimuelezea yote, ya ndugu yangu, ya Liège, ya char...” Étienne alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. “Ah. Hakukuambia.”

Alichukua mkate mmoja kwenye sahani ya Kadidja, akausifu, akaaga. Mungu alimpa Étienne moyo mzuri lakini alisahau kumpa mdomo wenye kifuniko.

Damas alizima sauti ya televisheni. Kile kifaru cha uongo kiliendelea kupanda mlima kimyakimya.

“Tangu Pâques,” alisema.

Pasaka ilikuwa imepita zamani; sasa ulikuwa mwezi wa nane, na kitabu cha Étienne kilikuwa bado kwake. Kadidja aliweka sahani mezani, polepole, ili mikono ipate kazi.

“Damas, nisikilize.”

“Livre iko wapi?”

“Ku nyumba. Chini ya kitanda yangu.”

“Chini ya kitanda!” Damas alicheka, na hakikuwa kicheko cha mtu mwenye furaha. “Minye natoka ku kazi, nakaa hapa, macho inaniuma, natafuta kasoro iko wapi. Nakuuliza weye, Kadi, char yangu inakosa nini? Ulinijibu nini?”

“Nilisema iko muzuri.”

“Ulisema iko muzuri!”

“Na iko muzuri.”

“Ni pelle, Kadidja!”

“Oui, ni pelle! Ni pelle yetu!” Machozi yalimlengalenga, akayarudisha kwa hasira. “Weye unaona pelle tu. Minye naona ile siku.”

Kwa kawaida neno kama hilo lingemlegeza Damas. Alikuwa kijana wa kulegea haraka, mwenye macho makubwa ya upole ambayo wasichana wa mtaa wa Panda waliyajua na Kadidja aliyalinda. Lakini leo macho yale yalikuwa makavu. Alikuwa ameonyeshwa Ulaya, na palepale akaonyeshwa mkono uliomfungia mlango, na mkono wenyewe ni ule anaoupenda.

“Ulinifunga mguu,” alisema. “Bibi yangu mwenyewe, anifunga mguu sawa mbuzi.”

“Sema tena.”

“Ulinifunga mguu.”

“Hapana, ile ya mbele. Bibi yako? Nani alisema niko bibi yako?”

“Kadi, usianze.”

“Nitaanza! Miaka mbili nakuya mu hii nyumba. Naingilia wapi? Ku mulango ya nyuma, mu cuisine, sawa muntu anauzisha makaa. Yaya yako, kaka mukubwa, ananisalimia, hanikaribishe. Bibi yake, Mama Georgette, akiniona anaanza kufagia, vumbi yote inakuya ku miguu yangu. Kuko hata muntu moja wa kwenu mwenye alifika kwa baba yangu? Hata moja?”

“Unayua sababu.”

“Sema sababu.”

“Baba yako hapende mukatoliki. Yaya yangu hapende mungwana wa musikiti. Minye niko katikati, natafuta njia. Unafikiri iko mwepesi?”

“Bale habapende nabayua kwa majina. Nauliza weye, unapenda nini?”

Damas alinyoosha kidole kwenye televisheni. Pengine alitaka kusema jambo lingine, pengine kidole kilimtangulia. Kadidja alikitazama kidole kile na moyo wake ukapoa.

“Merci,” alisema. “Nimeona.”

“Siyo vile! Nikienda Liège, nikipata kazi, narudi na jina. Baba yako atanikatala namna gani?”

“Lukumani naye alisema vile.”

Lukumani alikuwa mchumba wa Zaina, dada yake Kadidja. Alipanda ndege kwenda Brussels kwa muda mfupi, akisindikizwa na ngoma na maombi. Leo alikuwa na watoto huko, na Zaina alikuwa na picha yake moja ambayo mama yao aliificha ili asilie.

“Minye siko Lukumani,” Damas alisema.

“Hata Lukumani hakukuwa Lukumani mbele ya kupanda avion.”

Hapo Damas, kama mwanamume yeyote aliyebanwa, alitafuta jiwe la kurusha.

“Basi sema ukweli,” alisema kwa sauti ya chini. “Ulinionea wivu. Weye utabaki kuchora matuyo ya maji ya bantu mpaka uzee, na ulitaka minye nibaki nawe mulemule.”

Lilikuwa neno baya na alilijua hata kabla halijamtoka lote. Kadidja hakupiga kelele. Alisogea mpaka karibu yake, karibu kiasi cha kusikia harufu ya sabuni aliyoogea, sabuni aliyomchagulia yeye mwenyewe sokoni.

“Weye unataka char yako ikuwe ya kweli,” alisema. “Kila gurudumu ikae mahali yake. Sawa. Na minye, Damas? Mahali yangu ni wapi?”

Damas alifungua mdomo. Nje, gari dogo la mizigo lilisimama kwa kishindo mbele ya nyumba, na Kadidja aliujua mngurumo wake kama anavyoujua ukohozi wa baba yake.

Mzee Amuri hakuwahi kukanyaga uwanja ule. Alikuwa mfanyabiashara wa unga na samaki wakavu, mtoto wa Waislamu wa Kasongo, mwenye kofia nyeupe isiyoshika vumbi hata wakati wa kiangazi cha Likasi. Kwa miaka miwili alikuwa akimwita Damas “ule”, na akimtaja alikuwa anatazama pembeni. Leo aliingia kwa mlango wa mbele, anatabasamu, meno yote nje.

“Salam aleikum. Ao bonjour, vile munapenda.”

Kelele ziliwatoa wenye nyumba. Stanislas, kaka mkubwa wa Damas, alikuja kutoka uani. Alikuwa fundi wa mashine za machimbo, mtu mzito wa mwili na wa maneno, na nyumba ile ilikuwa yake. Mkewe Georgette alisimama mlango wa jikoni na mwiko wa ugali mkononi.

“Nimekutana na Muzungu Étienne ku kona,” alisema Mzee Amuri. “Ananiambia huyu kijana anaenda Ulaya.” Akamgeukia Damas na, ajabu ya Mungu, akampa mkono. “Félicitations, mwanangu.”

Mwanangu!

“Aksanti, Papa,” Damas alisema, hajui aweke wapi uso.

“Eti inakosa tu dessin moja. Na dessin iko na binti yangu.” Tabasamu lilibaki palepale, lakini macho yalipofika kwa Kadidja hayakuwa na utani. “Kadidja, muchoree kijana dessin yake.”

“Papa, minye...”

“Mupe leo. Nitaipeleka kwa Muzungu na camionnette yangu. Na siku ya safari nitamupeleka minye mwenyewe ku avion, mpaka Lubumbashi, na chakula ya njiani juu yangu.”

Georgette alicheka kwa furaha ya kweli.

“Papa Amuri, leo umesema! Mulamu yangu aende, akasome. Akirudi atakuwa na akili ya kutafuta mutoto mwanamuke wa parokia.”

“Amina,” alisema Mzee Amuri.

Hao wawili sokoni walikuwa wakipishana bila salamu. Sasa walikubaliana kama mapacha. Kadidja aliwatazama na kuelewa jambo zima. Kila mtu katika nyumba ile alitaka kifaru kiwe cha kweli. Baba yake alikitaka ili Damas awe mbali. Georgette alikitaka ili yeye Kadidja awe mbali. Hata Damas alikitaka. Hakuna aliyemwuliza kama kitamwacha mzima.

“Sichore,” alisema.

“Utachora,” baba yake alisema.

“Papa, sichore.”

“Unaona namna anaringa?” Georgette alisema. “Mutoto wa bantu anataka kupanda, yeye anamushika nguo. Upendo gani hii? Ni roho mubaya!”

“Mama Georgette, usimuseme vile,” Damas alisema.

“Minye nitasema! Nilikuambia toka zamani, hawa bangwana...”

“Hawa bangwana nini?” Mzee Amuri aligeuka, tabasamu limekwisha. Upacha wao haukudumu. “Maliza, mama. Hawa bangwana nini? Ni minye nilituma mutoto yangu ku nyumba ya bakula nguruwe? Nilimukataza! Huyu kijana yenu njo alimuloga na televisheni yake!”

“Kumuloga? Nani alimuloga mwenzake?”

“Basi!” Damas alipiga meza kwa kiganja, mikate ikaruka. “Basi, basi, basi! Papa Amuri, nisikilize vizuri. Leo minye niko nafungula mulango yako. Juu ya Kadidja. Mbele ya avion, mbele ya char, mbele ya yote. Nimesema!”

Mwiko wa Georgette ulisimama hewani.

Msomaji wa mbali anaweza kufikiri kwamba hilo lilikuwa tendo la kishujaa. Katika nyumba za Likasi, za msalaba na za msikiti, hilo lilikuwa janga. Kufungua mlango wa wazazi wa msichana ni kazi ya mkubwa wako, baba, mjomba au kaka. Yeye ndiye huingia na kusema, na wewe unakaa nyuma yake umeinamisha kichwa. Kijana anayejisemea mwenyewe, tena kwa kelele, tena amepiga meza, anatangaza kwamba hana watu. Na asiye na watu hapewi mtoto wa mtu. Damas aliyajua hayo tangu utotoni, ila hasira ilimsahaulisha kila kitu.

Kadidja alifumba macho. Kwa miaka miwili aliyangoja maneno yale, na sasa yamesemwa kwa namna ambayo yanamfukuza.

“Ulisema nini?” Mzee Amuri aliuliza taratibu. “Weye mwenyewe? Na kinywa yako? Nani alikutuma?”

Damas aliokota mkate mmoja ulioruka, akaurudisha sahanini.

“Nauliza, nani alikutuma? Uko na bantu?”

Macho yote yalikwenda kwa Stanislas. Lilihitajika neno moja tu. Kama angesema “ni minye”, kosa lingegeuka kuwa haraka ya ujana, watu wangekohoa, mambo yangeendelea. Georgette alimkazia mumewe macho. Damas alimtazama kaka yake kwa namna ambayo Kadidja hakuweza kuivumilia. Stanislas alikuwa anachokonoa grisi chini ya kucha zake. Aliendelea kuchokonoa.

“Muone,” alisema Mzee Amuri, na sauti yake ilikuwa na ushindi. “Hata ndugu yake wa tumbo moja hamuyue. Kadidja, twende.”

“Ngoja, Papa.”

“Twende!”

“Nimesema ngoja. Si ulitaka dessin?” Alivuta kiti hadi mezani, akasukuma sahani pembeni. “Damas, nipe karatasi. Ile ya miraba. Na crayon.”

“Kadi, wacha...”

“Karatasi.”

Alimpa. Vidole vyao havikugusana.

“Livre iko nyumbani,” Georgette alisema kwa mashaka. “Atachora nini?”

“Nayua kila mustari,” Kadidja alisema. “Tangu Pâques naitazama mbele ya kulala. Naichukia kabisa.”

Akaanza kuchora, na wote wakasogea mbali na meza kwa sababu mkono ule ukifanya kazi hakuna anayethubutu kuutikisa. Alianza na mwili, mrefu na wa chini, mrefu kuliko walivyodhani. Akapitisha mnyororo. Haukukaa chini kama wa mashine ya Kamatanda. Ulitoka ardhini, ukapanda mbele, ukapita juu ya mwili wote na kushuka nyuma, umekizunguka kifaru chote. Akachora kimlango kidogo ubavuni ambamo askari walitokea. Akaweka kichwa kidogo juu, chenye mzinga mwembamba.

“Kanon yako ni kubwa sana,” alisema bila kumtazama Damas. “Ya kweli iko ndogo. Na mu programme, punguza mbio. Yako inakimbia sawa pikipiki. Hii inaenda mbio ya muntu. Lakini mulima yenye ingine inashindwa, hii inapanda.”

“Sawa,” Damas alisema.

“Bantu batano mule ndani. Usiweke moja peke yake.”

“Sawa, Kadi.”

“Usiniite Kadi.”

Alipofika kwenye magurudumu, Stanislas alisogea. Minyororo na magurudumu ilikuwa kazi yake ya kila siku, na hakuna fundi anayeweza kukaa mbali na kitu kama hicho. Alisimama nyuma ya kiti cha Kadidja akaangalia penseli inavyozungusha kiduara kimoja kidogo, na kingine, na kingine.

“Iko ngapi?” aliuliza. Lilikuwa neno la kwanza kumwambia siku ile.

“Kumi na moja. Kila upande.”

“Juu ya nini ndogo ndogo vile?”

“Uzito inagawanyika. Bomu ikivunja moja, ingine zinabeba.”

Stanislas aliguna. Kwa mashine zake, gurudumu moja likivunjika machimbo yote yanalala. Aliendelea kusimama pale. Kadidja alikuwa amefika la saba.

“Kama unaacha hapa,” Stanislas alisema, “unaweka saba tu. Nani mu hii chumba angeyua?”

“Hakuna.”

“Na kule Liège?”

“Kule bangeona mara moja. Bangekatala.”

“Na Damas?”

Penseli haikusimama. “Damas angebaki hapa.”

Georgette alishusha mwiko. Mzee Amuri, aliyekuwa mlangoni akichezea ufunguo wa gari, aliacha kuuchezea.

“Ulifikiri ile?” Stanislas aliuliza.

“Tangu nilianza ya kwanza.” La nane. La tisa. Sasa machozi yalikuwa yanamshuka bila aibu, na alikuwa ameinamisha kichwa pembeni ili yasianguke kwenye karatasi. “Yaya Stanislas, niache nimalize. Dessin ya uongo sitamupa mara ya pili. Ile ya kwanza sikuyua. Hii nayua.”

La kumi. La kumi na moja. Akageuza karatasi, akachora upande wa mbele na wa juu, akaweka vipimo, na chini kabisa, kwenye pembe ya kulia, akaandika jina lake lote kama wachoraji wa ofisini wanavyofanya. Kisha akaisukuma karatasi kwa Damas.

“Hii hapa. Enda.”

Damas hakuishika. Alikuwa amekaa anatazama karatasi, na kwa mara ya kwanza tangu Étienne acheke alionekana tena kama Damas. Alitaka kusema. Kadidja aliinua kiganja.

“Hapana,” alimwambia. “Weye umesema ya kutosha leo.”

Alipangusa uso kwa ncha ya kilemba, akainuka kumfuata baba yake. Lakini Stanislas hakuwa tena chumbani. Bomba la uani lilisikika likimwaga maji, kisha mlango wa chumba cha kulala ukafunguka na kufungwa. Alipotokea mikono yake ilikuwa safi, na juu ya shati lake la kazi alikuwa amevaa koti jeusi, koti la harusi yake mwenyewe, linalombana tumboni.

“Stanis!” Georgette alishtuka. “Unaenda wapi?”

“Siende mahali yoyote.”

Alipita mbele ya mkewe, akapita mbele ya televisheni, akasimama mbele ya Mzee Amuri. Akachuchumaa kidogo, kwa shida ya mtu mnene, akapiga makofi mawili ya taratibu ya heshima.

“Papa Amuri. Ile neno yenye mudogo yangu alisema haiko yake. Ni yangu. Minye njo nilimutuma. Alinitangulia juu moyo yake inawaka.”

“Bongo!” Mzee Amuri alifoka. “Uongo mutupu! Nilikuwa hapa na macho yangu. Ulikuwa unatazama makucha yako!”

“Nilikuwa natazama makucha,” Stanislas alikubali. “Sasa nimeacha.”

“Mbele ya ile dessin ulinyamaza. Sasa juu ya nini?”

“Juu nimetumika na bantu ku machimbo tangu ujana. Muntu mwenye anakaza boulon yote hata pale hakuna chef wa kumuangalia, hatumuache aende kutumika pengine.” Alijiweka sawa koti. “Binti yako ameweka yote kumi na moja. Nilihesabu.”

“Na dini?”

“Tutasema ya dini. Na ya avion tutasema. Na miaka mbili ya kungoja, tutasema. Hayo ni maneno ya bantu benye kukaa. Lakini kwanza minye naomba pardon, mbele ya mutoto mwenyewe. Aliingia mu nyumba yangu sawa mwizi, na mwizi hakukuwa yeye.”

Georgette aliangalia sakafu. Damas alishuka kitini, akaja kuchuchumaa nyuma ya kaka yake, kichwa chini, akaanza kupiga makofi polepole kama inavyotakiwa. Kadidja alimwona akinyamaza na akahisi kwamba hajawahi kumpenda kama dakika ile, na akamchukia kidogo pia, kwa kumchelewesha hivyo.

Mzee Amuri alitazama gari lake. Alikuwa na njia ya kutoka, iko wazi, hatua chache tu. Lakini neno lililoletwa na mkubwa aliyevaa koti halijibiwi kwa kusimama, na anayeliacha sebuleni bila kukaa ndiye anayekuwa ametukana nyumba ya watu. Kabla ya kesho asubuhi wauza samaki wote wangejua. Alimtazama binti yake, akimngoja aombe, apige magoti, alie, ili apate sababu ya kumkatalia. Kadidja hakuomba. Alisimama wima, mikono yake imechafuka kwa risasi ya penseli, akamtazama baba yake machoni.

“Mutoto mugumu sawa mama yake,” Mzee Amuri alinong’ona. Kisha kwa sauti: “Kiti.”

Georgette hakusogea. Kadidja mwenyewe alikileta, akakiweka nyuma ya baba yake, na mzee akakaa kwa hasira mpaka mbao zikalia. Akaivua kofia, akaikunja, akaiweka gotini.

“Sijasema ndiyo,” alisema.

“Hatuyakuuliza bado,” Stanislas alijibu, naye akavuta kiti chake.